Mwenzi, Mbia au Mwandani

Jumatatu, 3 Machi

Darasa jipya la Kiingereza la jioni, wanafunzi wote wasemaji wa Kifaransa; majina sijayashika, nawaita kwa kazi zao. Viti havikutosha, Muuguzi kakalia meza yangu. Nimewapa maneno ya watu wanaoambatana: friend, mate, colleague, partner, companion. Kwao kuna copain na compagnon, basi, wanadhani wamemaliza. Wapi!

Dereva wa lori kasimama kifua mbele, kamtambulisha dereva mwenzake kuwa ni "my boyfriend". Copain limemponza: kwao ni rafiki, na ni mpenzi pia! Darasa hoi. Yeye hakuelewa hadi Muuguzi alipomnong'oneza, akakaa chini kama gunia. Nikamwambia: mate ukiwa na washikaji, colleague mbele ya bosi. Kaandika kiganjani.

Nafundisha vizuri. Nasema mwenyewe, kwani nani mwingine atasema?

Jumatano, 5 Machi

Mshonaji kabaki baada ya kipindi. Ni yule mama wa makamo anayekaa karibu na dirisha, uzi umemganda begani tangu Jumatatu. Yeye na mzee wake wana duka la kushona. Hawajafunga ndoa, lakini wameishi pamoja tangu ujanani, wamezaa, wamejenga. Mzee alikwenda ng'ambo kufanya kazi kwenye kiwanda cha makochi. Kateleza ngazini, kaumia mgongo, kalazwa. Mama anataka kwenda kumuuguza, na keshokutwa ana mahojiano ubalozini. Mkalimani yupo, ila foleni yake haina mwisho. Akikubali kuhojiwa kwa Kiingereza, ni Ijumaa hii hii.

Kaniuliza: mwalimu, nimwite nani? Kwa Kifaransa angesema compagnon, yaani mtu unayeishi naye, na hakuna ambaye angemuuliza zaidi.

Nikamwambia asithubutu kusema companion! Huyo ni mtu wa kukusindikiza safarini, au wa kulipwa akae na bibi kizee asipweke. Hata mbwa huitwa hivyo. Sema partner. Neno safi, la kisasa, la ubalozini hasa.

Kalirudia mpaka likakaa mdomoni. Kaondoka anatembea wima. Nami nimefuta ubao huku napiga mluzi.

Ijumaa, 7 Machi

Simu iko mkononi tangu asubuhi. Kimya. Mume wangu anasema mahojiano si yangu. Sawa — lakini neno ni langu.

Jumamosi, 8 Machi

Aibu!

Kaja mwenyewe, nikamkuta ameketi kwenye ngazi za shule. Afisa kamuuliza mgonjwa ni nani. My partner. Mnafanya nini pamoja? Mama wa watu, mkweli, kasema wana duka: yeye anakata, mzee anashona. Afisa akaendelea: mlianza lini, faida mnagawana vipi, nani amebaki dukani. Kajibu yote, tena vizuri! Mwishowe kaambiwa wafanyabiashara wana dirisha lao, na kwamba mbia hana haja ya kukaa kando ya kitanda cha hospitali. Ruhusa ya kuuguza ni ya familia.

Mbia! Partner ni mwenzi, na partner ni mbia. Nilijua. Mwalimu gani hajui? Nilikuwa na haraka ya kumcheka companion, sikugeuza neno langu nitazame upande wa pili.

Hakunilaumu. Kasema tu, "Mwalimu, nilikuwa naelewa kila swali." Afadhali angenitukana.

Amekubaliwa kurudi Alhamisi. Mara ya mwisho.

Jumapili, 9 Machi

Mume wangu alikuwa anapiga pasi. Nikamuuliza: mbele ya mgeni utaniita nani? Hakuinua hata kichwa. "Mwenzangu."

Mwenzangu! Na yule wa ofisini kwake pia ni mwenzangu, na aliyesimama naye foleni ya maji ni mwenzangu. Hakuna anayechanganyikiwa, maana kila mmoja huja na habari zake. Nimekaa kitako kitandani. Nimekuwa nikimtafutia Mshonaji neno. Anahitaji habari. Nyumba, watoto, miaka. Neno litatangulia, habari zifuate mbio nyuma yake, afisa asipate nafasi ya kupenyeza duka.

Chai imepoa. Sijali. Nimepona!

Jumatatu, 10 Machi

Darasa zima limekuwa ubalozi. Dereva ndiye afisa, kavaa miwani ya Muuguzi na kukunja uso. Huyu mgonjwa ni nani wako? Mshonaji: ni partner wangu, hatujafunga ndoa, tunaishi nyumba moja, tuna watoto, familia yake ni mimi. Polepole, bila kutetemeka. Dereva hakuridhika: "Lakini mna biashara pamoja, sivyo?"

"Ndiyo," kasema Mshonaji. "Na kitanda kimoja."

Darasa lilipasuka! Muuguzi kapiga meza mpaka kalamu zikaanguka. Hilo sikumfundisha mimi. Nimemwambia alibebe vilevile.

Jumanne, 11 Machi

Mzee kapiga simu. Wanataka kumpasua mgongo wiki ijayo. Anaogopa, hataki kusema kwamba anaogopa, kwa hiyo anauliza habari za cherehani. Mshonaji kanisimulia hayo huku anacheka, kisha kaacha kucheka.

Mazoezi tena. Hakosei.

Alhamisi, 13 Machi

Naandika hapa hapa, kwenye benchi la ubalozi. Nimeacha darasa la asubuhi, nimemsindikiza. Companion wa kweli, wa kitabuni!

Mlangoni mlinzi kanizuia. Kwa Kiingereza: na wewe ni nani wake? Swali jepesi. Teacher? Wangeniambia shule ni kule. Friend? Kuna marafiki kibao nje ya geti. Nimefungua mdomo, mimi mwenye maneno yote yale ubaoni — nikaufunga. Mshonaji kageuka, kanishika mkono, kamwambia mlinzi, "She is with me."

Yuko na mimi. Basi. Mlinzi kasogea.

Sasa yuko ndani, namwona kupitia kioo. Sauti haifiki. Afisa ni yule yule, kwa jinsi mama alivyomweleza: tai fupi, kidole kimoja kwenye kibodi. Mama kaongea mfululizo, mikono imetulia mapajani. Vizuri. Neno, kisha habari. Afisa kaacha kuandika. Kaegemea nyuma, kauliza kitu kifupi — hilo la biashara, naapa ni hilo!

Mshonaji anakiangalia kiti alichokalia afisa, anaangalia dirisha. Usinitazame mimi, mama, mimi sina kitu. Kanitazama. Katabasamu kidogo, kageuka kwa afisa, sasa anafungua mdomo, na hata bila sauti nayasoma midomoni mwake: na kitanda kimoja.