Dereva Ajifunza Kufuma

3 Februari

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Najua barua hii itakushtua, maana miaka kumi na moja si siku kumi na moja. U hali gani? Mimi ni mzima kutoka kiunoni kwenda juu, ukiondoa mkono wa kulia, ndiyo maana mwandiko huu unafanana na nyayo za kuku. Simu yako nimeipiga mpaka nimechoka, haipatikani. Nimempa barua hii Masharubu, dereva mwenzangu anayepita mtaa wenu kila wiki.

Lori lilinilalia kwenye kona mwezi wa kumi na mbili. Mguu umevunjika mara mbili, umeshikwa na vyuma. Vidole vya mkono vilishonwa. Sasa nipo kwa binti yangu, ghorofa ya tatu, ngazi hamsini na nne. Idadi naijua kwa sababu wanaume wanne walinipandisha na mmoja wao alikuwa anahesabu kwa sauti. Binti anafanya kazi kwenye kiwanda cha mikate, hutoka alfajiri na kurudi alasiri. Dirisha langu linatazama ukuta wa ghala. Ukuta huo sasa naujua kuliko uso wangu.

Mama wa mazoezi pale hospitali alisema vidole nisipovichezesha vitaganda moja kwa moja. Akanipa sindano ya kroshia, ile yenye ncha kama ndoano, na bonge la uzi mweusi. Nikamwambia mimi ni dereva. Akasema, "Kwa vidole hivyo bado hujawa." Alinionyesha mara moja tu, foleni ya wagonjwa ikiwa nyuma yangu, nikaondoka sijui mwanzo wala mwisho.

Wewe ulikuwa unafuma tangu una miaka tisa. Nifundishe, dada. Nitachekwa na madereva wote, lakini mfa maji haachi kutapatapa.

Nduguyo,
Dereva


12 Februari

Mdogo wangu,

Marahaba, na pole, na pole tena. Barua yako nimeisoma nimesimama, halafu nikaisoma nimekaa. Nilicheka, kisha nikalia, kisha nikaenda kutafuta uzi.

Kosa la kwanza ni huo uzi mweusi. Mweusi haufai kwa anayeanza, huoni tundu lilipo. Nimekutumia wa manjano. Fanya kitanzi, uingize sindano. Uzi uushike kwa mkono wa kushoto, upite juu ya kidole cha shahada. Uvute kwa ncha ya sindano mpaka upite ndani ya kitanzi. Umepata kimoja. Fanya ishirini, utapata kitu kama mnyororo. Kisha urudi ulikotoka, ukiingiza sindano kwenye kila kitanzi, usiruke hata kimoja. Na usivute kama unayefunga turubai la lori. Uzi unataka kushikwa kama mkono wa mtoto anayevuka barabara.

Simu yangu iliharibika. Shemeji yako yupo. Mimi sijambo.

Dada yako


1 Machi

Dada,

Shikamoo. Natumaini hamjambo hapo nyumbani. Huku tunasukuma siku.

Mnyororo nimeuweza. Siku nne zilinitoka, lakini nimeuweza. Tatizo ni kitambaa. Kinaanza kipana kama meza na kuishia kama mkia wa panya. Binti yangu aliniuliza kama ni kofia ya paka, nikamwambia ndiyo, nikakiweka chini ya mto.

Juzi sindano iliniponyoka ikaingia chini ya kitanda. Saa tatu asubuhi hiyo. Niliiona, dada. Ilikuwa urefu wa mkono mmoja na kidogo. Nilijaribu kwa fimbo, nikaisukuma mbali zaidi. Nikalala pale nikiitazama mpaka binti aliporudi alasiri. Mimi niliyekuwa nakula kilomita mia saba kwa siku, nimeshindwa na upana wa godoro. Siku hiyo nililia, na sitakwambia tena.

Njoo unionyeshe kwa macho. Kwa basi ni mwendo wa saa mbili tu. Njoo hata kwa mchana mmoja.

Nduguyo


9 Machi

Mdogo wangu,

Marahaba. Kinachokufanya upate mkia wa panya ni kitanzi cha mwisho. Kila ukifika mwisho wa mstari kuna kitanzi kimejificha pembeni, nawe unakiruka. Kila mstari unakipoteza kimoja. Funga kiuzi cha rangi nyingine pale mwisho, ndicho kiwe alama yako. Na kila mstari uhesabu. Ishirini wakitoka, ishirini warudi.

Ukikosea, fumua. Usione uchungu. Uzi haukasiriki.

Kuja siwezi kwa sasa.

Dada yako


30 Machi

Dada,

Shikamoo. Leo sitauliza habari za huko, maana hunijibu.

Masharubu ameniambia jambo. Anasema mara zote mbili umepokea barua zangu kupitia nondo za dirisha. Hukumfungulia mlango. Anasema alisikia sauti ya mumeo, Fundi Saa, ndani akifoka, nawe ukageuka haraka kama mtu aliyefumaniwa.

Kwa hiyo ndivyo ilivyo. Miaka kumi na moja imepita na mumeo bado hataki hata karatasi yangu ivuke kizingiti chake. Ni kweli nililiingiza lori kwenye ukuta wake nikiwa nimelewa, na mbele ya majirani nikamwita mrekebisha saa asiyejua wakati. Lakini ukuta niliujenga upya kwa mikono yangu, na yeye akaniambia nisionekane tena, nikaapa sitaonekana. Nimekaa na kiapo hicho. Wewe je? Unakubali kufungiwa kama kuku?

Mimi nimelala hapa kwa sababu mguu umevunjika. Wewe una miguu miwili mizima.

Kitambaa kimenyooka. Nilitaka ujue.

Nduguyo


11 Mei

Mdogo wangu,

Marahaba. Nimechelewa kujibu kwa sababu nilikuwa na hasira, na hasira ilipokwisha sikuwa na maneno.

Anayefunga mlango ni mimi. Ufunguo ninao shingoni.

Fundi Saa ana mwaka wa tatu sasa, akili inamtoka. Ilianza na majina, ikaja kwenye njia. Walimkuta mara moja kwenye machimbo ya mawe, hana viatu, anatafuta duka lake, lile alilolifunga zamani. Mara ya pili alivuka barabara kuu. Dereva aliyemkwepa alishuka kunitukana, nikamshukuru. Tangu siku ile nafunga kwa ndani. Simu haikuharibika yenyewe. Aliifungua kwa bisibisi akatoa kila kipande, kisha akavitumbukiza vyote kwenye ndoo ya maji ili vitakate.

Watoto hatukujaliwa, unajua. Jirani yangu hunipitishia vitu vya sokoni dirishani. Alijaribu kukaa naye siku moja, akasukumwa akaanguka, hatajaribu tena na simlaumu. Nje sijatoka tangu mwaka juzi, ila mara mbili kwa daktari, na mara hizo nilikuwa nimemshika mkono.

Mchana huwa nachoka sana. Kwa hiyo nimefuma kamba ndefu ya kroshia, ncha moja naifunga mkononi mwake na nyingine mkononi mwangu, ndipo nasinzia. Akisogea, naamka. Unaniambia nimekubali kufungiwa. Mimi hata usingizi wangu una kamba.

Ningekwambiaje? Uliapa. Na yeye hajui kwamba ananizuia. Akijua hata kwa dakika moja, analia, na kilio chake ni kibaya kuliko kufoka.

Nimefurahi kitambaa kimenyooka.

Dada yako


20 Juni

Dada yangu,

Shikamoo.

Barua yako binti alinisomea, maana mimi niliishia mstari wa pili. Alipofika mahali pa ile kamba akaiweka barua mezani, akaenda kuosha vyombo vilivyokuwa safi.

Sikujibu kwa sababu nilikuwa nashuka ngazi. Wiki ya kwanza tatu, kisha nikarudi kitandani. Kisha kumi. Kuna siku nilikwama ya ishirini na saba, katikati kabisa, siwezi kupanda siwezi kushuka, nikakaa pale kwenye simenti mpaka alasiri nikifuma. Watoto wa ghorofa ya pili walinipita wakaniamkia kama kawaida. Jana nimefika chini. Zote hamsini na nne, na magongo mawili.

Daktari amesema mguu umeunga vibaya. Lori basi tena. Nilidhani nikiambiwa hivyo nitakufa, kumbe nilimuuliza tu kama naweza kukaa kwenye kiti siku nzima. Akasema kukaa ndiyo kazi ninayoiweza.

Kwa hiyo nakuja. Jumanne asubuhi Masharubu ananileta. Nitakaa na shemeji, wewe utatoka. Na kila Jumanne itakuwa hivyo, Mungu akipenda. Akinisukuma, mimi ni mzito. Kiapo nilikiapa nimelewa, acha nikivunje na akili zangu.

Usipike chochote. Tafuta viatu vyako.

Mdogo wako


26 Juni, Jumanne

Mdogo wangu,

Barua hii nitakukabidhi mwenyewe, kwa mkono wangu. Naiandika kwenye benchi la kituo cha basi, kwa sababu nimetoka na sijui mtu akitoka anafanya nini.

Nilikuwa naogopa utakapoingia. Nilijua hatakutambua, lakini niliogopa atakutambua. Alikutazama magongo, akakutazama uso, akauliza, "Umeleta saa?" Nawe ukaivua yako ukampa, yako inayotembea vizuri kabisa. Akaiweka sikioni. Akasema itakuwa tayari Ijumaa. Nawe ukasema, "Sina haraka, fundi." Mdogo wangu, nilikwenda jikoni nikashika ukuta.

Kisha ukafunga mlango nyuma yangu. Sikuwahi kuusikia ule ufunguo kutoka nje. Nilisimama barazani muda mrefu, mkono wangu wa kushoto umeinuka kidogo, kama bado kuna kitu kinaushika. Jirani akaniuliza kama naumwa.

Nilikwenda duka la nyuzi. Nikashika kila rangi, sikununua hata moja. Nikatembea mpaka njia ilipoisha, nikageuka. Nilikuwa nimesahau kwamba mtaa una mteremko.

Sasa nitakwambia jambo, nawe usimwambie mtu. Basi lilisimama hapa mbele yangu, na siti ya dirishani ilikuwa tupu. Kondakta akauliza, "Mama, unapanda?" Sikuuliza linakwenda wapi. Nilisimama. Mguu mmoja niliuweka kwenye ngazi, dada yako mimi, mwenye miaka sitini na moja, na nikajua kabisa kwamba naweza. Abiria walinisubiri. Akauliza tena.

Nikamwambia, "Leo hapana."

Nilisema nitarudi saa kumi. Sasa ni saa kumi na robo. Nitakaa robo nyingine, kisha nitakuja kugonga.

Dada yako