Mdomo wa Ombati, Sauti ya Ombati

Jumatatu, 8 Machi 1999
Mahakamani asubuhi. Kesi mbili za ng'ombe, zote zimeahirishwa. Habari ya bei ya ndizi nimeituma gazetini kwa faksi saa sita.

Mchana kwa Jayesh, mwenye duka la redio hapa Kisii mjini. Ameunganisha kompyuta na televisheni kubwa sebuleni kwake. Tulitazama diski ya video ya mazishi yaliyofanyika kijijini Magwagwa. Kaburini, kabla ya udongo kurudishwa, Ombati, ndugu wa marehemu, anaahidi mbele ya watu wote: Kemunto, mjane wa ndugu yake, atabaki kwenye nyumba na shamba lake la chai. Sasa anamfukuza. Anakana kwamba aliwahi kuahidi.

Tatizo moja. Kwenye diski ameshafunga mdomo, maneno bado yanatoka.

Jumanne, 9 Machi
Nilimwita Ombati aitazame, ajibu. Ni haki yake. Alicheka.

"Mdomo ni wangu. Sauti mmeazima wapi?"

Kufikia jioni soko zima la Magwagwa lilikuwa na habari: mwandishi amelipa mtu wa kumwigiza Ombati. Nimekasirika. Miaka kumi na tisa ya kazi hii, sijabandika neno kinywani mwa mtu.

Kanda ya asili, iliyonakiliwa kwenye diski, haipo. Mpiga picha amerekodi harusi juu yake. Imebaki diski tu, na wazee wa ukoo wanakaa Ijumaa. Wakiikataa, Kemunto anatoka.

Jumatano, 10 Machi
Jayesh aliisogeza sauti isikike mapema kwa sekunde moja na nusu. Hotuba ikakaa sawa. Wachimba kaburi, huko mwanzoni, wakaharibika: jembe liko hewani, mlio umeshasikika.

Alishauri tukate, tuonyeshe hotuba peke yake. Nilikataa. Nikikata hata dakika moja, Ombati ameshinda.

Mhariri alipiga simu kutoka Nairobi. Niiache habari hii. Siiachi.

Alhamisi, 11 Machi
Tulirudisha diski ilivyokuwa. Nilikaa na saa na daftari. Mwanzo: jembe na mlio pamoja. Dakika ya ishirini: sauti imebaki nyuma kidogo. Dakika ya arobaini, hotuba: sekunde moja na nusu. Mwisho: picha inazimika, waombolezaji wanaendelea kuimba gizani. Sekunde mbili.

Basi sauti haina kosa. Picha ndiyo fupi.

Jayesh akashika kichwa. "Arre, Bwana Onchiri! Kompyuta ililemewa wakati wa kunakili. Imeruka picha hapa na pale, mwanzo hadi mwisho!"

Alipunguza mwendo wa picha, kidogo sana, mpaka vyote viwili vikaisha pamoja. Hakukata kitu. Kila hatua nimeiandika.

Ijumaa, 12 Machi
Wazee saba sebuleni kwa Jayesh. Viatu mlangoni, chai ya tangawizi mkononi. Ombati mbele kabisa. Kemunto karibu na mlango.

Niliwasomea kosa na tulivyolirekebisha. Nikasema watazame jembe kwanza. Likilingana na mlio wake, ndipo wamsikilize mtu.

Jembe lililingana. Wakatazama dakika arobaini. Hotuba ilipoanza, mzee mmoja alisogeza kiti mpaka magoti yakagusa televisheni. Mdomo na maneno, sawa.

"Siku ile nilikuwa na uchungu," Ombati akasema.

"Kwa hiyo ni wewe," mzee akamjibu.

"Ni mimi."

Kemunto hakunyanyuka. "Shemeji, sauti yako imerudi? Pole kwa safari."

Hata Ombati mwenyewe alitazama chini ili asionekane akicheka. Uamuzi: Kemunto haondoki. Waliacha diski icheze hadi mwisho. Wimbo na picha viliisha pamoja.

Jumapili, 14 Machi
Habari ya Kemunto gazetini: mistari minne, ukurasa wa ndani. Imetoka, basi.

Nilipita Magwagwa. Kemunto alikuwa analima, ng'ambo ya bonde. Jembe linashuka, kimya, kisha, kwa umbali ule, mlio unanifikia. Nilisimama nikitazama. Saa sikuitoa mfukoni.