Kinachomliza Speciosa

Jumatatu, 6 Novemba 1978. Nyamiaga
Uji upoe kwanza, gauni ligeuzwe mishono iwe nje. Bila hivyo binti yangu Speciosa hali, havai. Miaka minane. Maneno yake machache, na mengi ni yangu, anayarudia. Saa nne karudi mbio kutoka shule, analia, kajikojolea. Tena! Mama mkwe kasema basi: Jumamosi anampeleka Biharamulo kwa mganga, achanjwe chale. Eti nilivunja mwiko nikiwa na mimba. Mume wangu yuko vitani. Wa kunitetea hayupo.

Jumanne, 7 Novemba
Hospitali ya misheni. Daktari kautaja ugonjwa kwa jina la kizungu. Dawa hakuna. Chanzo, eti, ni mama asiye na mapenzi. Mimi! Niliyembeba mgongoni mpaka watu wakanicheka! Nimetoka kwa hasira. Kila anayetafuta chanzo anachimba kwangu. La maana alisema moja tu: nichunguze kinachotangulia kilio.

Jumatano, 8 Novemba
Nimekaa nje ya darasa tangu asubuhi. Ametulia kabisa. Saa nne wakagonga rimu ya gari, ndiyo kengele ya shule. Akaziba masikio, akapiga yowe, huyoo! Si pepo. Si mwiko. Ni chuma kile. Nimeomba waite watoto kwa ngoma. Mwalimu mkuu kacheka: shule nzima imfuate mtoto mmoja?

Alhamisi, 9 Novemba
Mwenyekiti wa kijiji katangaza: kwa sababu ya vita, rimu itagongwa kukiwa na hatari tu. Shule watumie ngoma. Kwa hiyo vita vimenisaidia. Naona aibu kuandika hivyo, baba yake yuko huko.

Ijumaa, 10 Novemba
Nimemkokota mama mkwe hadi dirisha la darasa. "Jionee mwenyewe, mama." Ngoma ikalia. Speciosa akainua kichwa, akarudi kwenye kuchora kwake. Kakaa mpaka wenzake walipotoka! Nimepita kijijini kifua mbele. Anayesema naringa, ndiyo, naringa. Mama mkwe kageuka, kaenda zake. Safari hajaifuta.

Jumapili, 12 Novemba
Mvua. Jana, Jumamosi, mama mkwe hakuitaja safari. Leo baada ya misa mama mkwe kaingia uani kwangu, kasimama, hajui mikono aiweke wapi.
"Mama Speciosa, wewe unamwogeshaje asilie?"
Nikamwonyesha. Mwambie kwanza unachotaka kufanya. Mshike kwa nguvu, usimpapase. Anza na miguu.
Kamwogesha mwenyewe. Speciosa kampa mgongo ausugue, wala hakulia. Mimi nilikaa pembeni, nikawaangalia.