Cheko la Chumba cha Eda

Chake Chake, Pemba
Jumamosi

Dada yangu Zuwena,

Assalamu alaykum. Kabla sijakuuliza hali, nikwambie jambo ambalo sijamwambia kiumbe yeyote. Dada yetu Mwanaisha hakucheka. Niliyecheka ni mimi.

Barua ya Mama imo humu humu katika bahasha, nimeikunja mbali. Msomee ile. Hii isome peke yako.

Haya, hamjambo huko Unguja? Kifua cha Mama kimetulia? Sisi miili yetu ni mizima, alhamdulillahi.

Unajua nilimaliza skuli nikaletwa huku nimliwaze Dada mpaka eda yake iishe. Tangu shemeji aanguke mkarafuuni akafariki, Dada hali chakula. Anamega tonge, analizungusha vidoleni, analirudisha kwenye sahani. Nami unanijua, sina maneno. Namtazama tu.

Siku moja nilitumwa mafuta ya taa, machozi yakanitoka dukani mbele ya watu. Mke wa mwenye duka, Mhindi mmoja mpole, akanikalisha uani akanipa kibakuli cha aiskrimu ya iliki wanayoigandisha katika friji lao. Baridi ikanipanda mpaka kwenye nyusi, kifua kikalegea, na mara nikajikuta namsikiliza kasuku wao badala ya kulia. Nikasema moyoni, lazima Dada aionje hii.

Kesho yake nikaenda na chupa ya chai. Nikaisindilia aiskrimu kwa mpini wa kijiko, nikaificha ndani ya buibui, nikarudi mbio. Kumbe kilichoingia kwa kusindiliwa hakitoki kwa mdomo mwembamba. Tuliipindua juu ya bakuli, Dada akaipiga kitako, wapi. Akainama kuichungulia kwa chini, na hapo hapo bonge likaporomoka likamkaa puani.

Akalamba kilichomfikia mdomoni. Akatabasamu, Zuwena, meno yote. Kwa furaha ya kumwona hivyo cheko likanitoka, lile kubwa ambalo Mama hunikataza.

Mama mkwe wake, Bi Raya, alikuwa ukumbini na wanawake waliokuja kumpa pole. Alipofunua pazia, bakuli lilikwisha ingia chini ya kitanda, lakini tabasamu la Dada lilikuwa halijafutika.

"Udongo wa mwanangu haujakauka," akasema, wala hakupaza sauti, "na mkaza mwanangu anacheka."

Nilifungua mdomo. Dada akanibana goti. "Nisamehe, mama," akasema yeye.

Wageni walipoondoka nikamwambia Dada nitakwenda kusema kweli. Akakataa. "Mimi maneno yatanipita. Wewe ni mwari, hujaposwa bado. Usianze na jina hilo." Akaniapisha.

Kabla ya siku ile Dada na Bi Raya walikuwa wakisoma Yasini pamoja kila alfajiri, msahafu mmoja, vichwa vimegusana. Sasa Bi Raya anasomea ukumbini, na Dada amerudia kuzungusha tonge. Juzi nilishindwa kuvumilia, nikamfuata Bi Raya jikoni nimweleze, kiapo au si kiapo. Akaniuliza, "Una nini, mwanangu?" Nikajibu nimefuata mbuzi ya nazi. Nikakaa nikakuna nazi ambayo hakuna aliyeihitaji.

Aiskrimu siijutii. Kwa vijiko viwili vitatu nilimpata tena dada yetu wa zamani. Ninachojutia ni ulimi wangu, mwepesi wa kucheka na mzito wa kusema.

Nisalimie Mama, umbusu mikono. Nisalimie shangazi anayemkanda miguu, na baba mdogo, mwambie mkoba alionishonea wa skuli sasa natilia ukili wa kushonea mikeka. Mwanao mdogo mbusu shavu kwa ajili yangu.

Siri hii ikae kwako, Zuwena, nakuomba sana. Mwanaisha asijue kuwa nimekuandikia. Na wageni wa Pemba wakija huko wakasema mjane yule alicheka edani, utatamani kumtetea. Usimtetee. Nyamaza, kama nilivyonyamaza mimi.

Ni mdogo wako,
Asya