Landrova Uliyoiuza

Habibu,

Ukirudi na fundi, gari lako jipya liko kule karibu na kisima. Majirani walilisukuma wakidhani litawaka kama Landrova ya marehemu baba yako. Likawasha taa nyekundu, basi. Uji uko kwenye chupa.

Mama yako mdogo Mwamina anazikwa baada ya adhuhuri, siwezi kusubiri kompyuta ya gari ipone. Nakwenda Ruangwa na Kaimu, yule uliyemuuzia Landrova ukisema imezeeka.

~~Usinifuate.~~ Panda bodaboda, uje tumzike.

Sikulaumu, mwanangu. Ila niliposikia ule muungurumo nje, nilitupa mwiko nikakimbia kumfungulia baba yako geti.

Mama