Samaki wa Kipaimara

Mtwara, 12 Juni 2025. Mwezi wa tatu tangu niondoke Songea.

Mama Judica,

Kibarua cha zege kiliisha, nikajitolea kujifunza kuzamia kwenye matumbawe, maana atakayefaulu ataajiriwa kuyalinda. Wiki nzima tunatemea mate miwani isishike ukungu, na mpira wa kupumulia tunapokezana mdomo kwa mdomo. Jana nilitapika hukohuko chini. Samaki wakaja mbio, wakala matapishi yangu yote. Mwalimu akacheka: “Anselmo, umewalisha vizuri!” Jioni tukapikiwa samaki walewale.

Nimefaulu, lakini kazi nimeikataa; kinyaa kimenishinda. Najua uliitegemea kuliko mimi.

Samaki niliokuahidi wa kipaimara cha Judica sileti. Chinja kuku, wala usinikumbushe kuku nao wanakula nini. Nafika Jumamosi.

Baba Judica