Mama, Magunzi na Mshale Mwekundu

Jumapili jioni, Yamumbi. Mvua imepiga mabati tangu mchana na baridi ya Julai haina heshima. Lakini Mama mzima, nyumba nzima, jiko zima. Wacha niandike kabla sijasahau vile nilivyoogopa.

Mama alikuja kwangu mwezi wa tano kutoka kijijini kwetu Ziwa, kifua kimeharibiwa na moshi wa jikoni. Daktari alisema wazi: akirudi kwa ule moshi, hatamaliza mwaka. Ndipo nikanunua jiko la kuni la chuma, la mitumba, lenye kitu ndani ambacho fundi anakiita katalisti. Kinafanana na sega la nyuki na kinachoma moshi kabla haujatoka kwa bomba.

Juu ya jiko kuna geji ya kupima joto, yenye mshale. Mshale ukiwa chini, moto bado mdogo, unaacha moshi upite pembeni. Ukifika kijani, unavuta mkono wa jiko ili moshi upitie kwa sega. Ukiingia nyekundu, sega linaweza kupasuka, na hapo tunarudi kwa moshi ule ule wa Ziwa.

Nakiri, nimekuwa askari wa huo mshale. Nilimkataza Mama kuongeza hata kijiti. Mtu aliyewasha moto kabla sijazaliwa, nimemkalisha kwa kochi kama mgeni! Kila wiki anasema arudi tu nyumbani, kwa sababu hapa hana kazi.

Leo nilichelewa kanisani kwa mkutano wa kina mama, na walikuwa wapitie kwetu baadaye kumsalimia. Kufungua mlango, joto likanipiga uso. Mama amevua sweta, anatabasamu. Alikuwa amejaza jiko magunzi ya mahindi, makavu kabisa, yale aliyokuja nayo kwa gunia. Na juu ya geji, woi, ameweka sufuria ya chai, maana kwetu mgeni hapewi chai iliyopoa.

Nilitoa sufuria. Mshale ulikuwa umepita nyekundu yote, na bomba limeanza kuiva jekundu pale chini.

Nikampigia kelele mamangu.

Aliingia chumbani, akafunga mlango polepole.

Nilipunguza hewa ya jiko kidogo kidogo, sikuthubutu kufungua mlango wake nisije nikauchochea moto, nikakaa kwa sakafu nikiangalia. Mshale ulikaa pale pale kwa ukaidi. Nikaomba. Nikaomba tena, bila aibu. Halafu ukasonga, ukasonga tena, na ulipoingia kijani nilikimbia nje kwa mvua kuangalia bomba. Hakuna moshi. Sega halijapasuka! Nilicheka peke yangu pale nje, jirani akachungulia.

Nikarudi ndani nikamkuta Mama amefunga begi.

Hapo ndipo nilipoogopa kweli. Nilikuwa nimeokoa chuma, na mwenye kifua anaondoka. Niliomba msamaha, nikamshika mkono, nikamweka kwa stuli mbele ya jiko na kumwonyesha kila kitu: kijani, nyekundu, hewa, ule mkono wa kuvuta. Alisikiliza hadi mwisho.

"Na kwa nini hukunionyesha tangu mwezi wa tano?"

Nilisogea kando, nikamwachia jiko.

Kina mama walikuja, wakanywa chai moto. Mama aliwaeleza habari ya mshale kama yeye ndiye aliyelitengeneza hilo jiko. Magunzi ni matatu tu, aliwaambia, ya kuamsha moto, halafu kuni. Mimi nilipitisha mandazi.

Begi limerudi juu ya kabati, tupu. Kesho nikienda kazini sitapiga simu mara sita kuuliza mshale uko wapi. Nitapiga moja, ya kumsalimia.

Sasa hivi ananiita kutoka sebuleni. Anasema mshale uko kijani, na nivae sweta, kwa sababu ameamua kupunguza hewa.

Nimevaa.